Nilimwambia Mama Jiwe Lina Ufa

Mpendwa mshauri Mama Waceke, naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu nimesoma safu yako miaka mingi na najua wenzangu hukuandikia kuhusu waume waliotoroka na mashamba yaliyogawanywa vibaya, na mimi shida yangu ni jiwe.

Mimi ni fundi wa kukata mawe ya kaunta za jikoni hapa Eldoret, nina miaka arobaini na moja, nina mke anaitwa Faith, na kwa miaka kumi na sita nimefanya kazi na mtu mmoja, Mustafa, mwenye yadi ya mawe nje kidogo ya mji. Nikueleze kidogo kazi yenyewe ndiyo unielewe. Wateja wetu huchagua kati ya vitu viwili, kuna graniti ambayo ni jiwe la Mungu, limepasuliwa mlimani likiwa zima, na kuna jiwe la kiwandani, ile wateja wanaita quartz, ambalo ni mawe yaliyosagwa yakachanganywa na gundi na rangi yakashindiliwa kwa mashine mpaka yakawa bamba moja laini. Sisemi la kiwandani ni baya, maana halinywi mafuta, halitaki kupakwa dawa kila mwaka, na ukitaka mabamba kumi yanayofanana utayapata, ila adui yake ni moto, ile gundi ukiiwekea sufuria iliyotoka motoni sasa hivi inaungua na kuacha alama ya kahawia ambayo hakuna sabuni ya kuitoa. Graniti kwa sufuria haina habari.

Mwezi uliopita lori lilituletea mabamba kumi na mawili ya graniti kutoka Mombasa na mimi nikapewa kazi ya kuyaosha vumbi la safari, basi nikawa naosha tu kwa mpira wa maji huku nawaza mambo yangu, la kwanza, la pili, mpaka maji yalipogusa la saba. Mama Waceke, nilishikwa na kitu ambacho sijui jina lake. Lile bamba rangi yake ni kijani kinachokaribia weusi, na katikati umepita mkanda mweupe mpana kama kiganja changu, unapinda mara mbili kisha unatawanyika kuwa nyuzi nyembamba, na ndani ya kile kijani kuna chembe nyekundu nyingi zinazowaka jua likizipiga, ukisogea hatua moja zile zinazimika na nyingine zinawaka, na ukikaza macho unaona kama kuna chini, halafu chini ya hiyo chini kuna nyingine. Nilisimama pale na mpira mkononi maji yakiingia kwenye viatu. Nimekata mawe mpaka nimesahau idadi na sijawahi hata siku moja kuogopa jiwe, lakini siku hiyo niliogopa, niliwaza kwamba kitu hiki kilikuwa ndani ya mlima gizani, hakuna jua, hakuna jicho, tangu kabla ya mtu wa kwanza kuzaliwa, na bado kilipambwa hivi, sasa kilipambwa kwa ajili ya nani?

Tangu hapo naamka mapema nafika yadini kabla ya wengine, kwa sababu jua hulifikia lile bamba saa moja na nusu asubuhi, nalimwagia maji kidogo na kulitazama mpaka likauke, kisha naanza kazi. Faith ameshaniuliza jina la huyo mwanamke mara tatu.

Sasa wiki mbili zilizopita akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Ziwa, Mama Tryphosa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, watoto wake wamemjengea nyumba na wamemwambia kila kitu wameamua wao isipokuwa kaunta ya jikoni, hiyo achague yeye mwenyewe. Alipita kwenye mabamba yote polepole, alipofika kwa lile akasimama. Nilikuwa nimelimwagia maji muda si mrefu. Aliweka mkono juu yake, mkono wenye kazi nyingi, akaongea kidogo kwa Kikalenjin, sijui aliliambia jiwe au alimwambia Mungu, kisha akanigeukia akasema, "Mimi nimesugua meza ya mbao mpaka ikaisha. Hii itaniona nikiisha."

Alichukua hilo. Nilipima, nikachora, nikaona jikoni kwake kunataka bamba zima, na tundu la sinki linaangukia palepale mkanda mweupe unapotawanyika kuwa nyuzi, yaani pale ambapo mimi nikitazama huwa napoteza pumzi, kile kipande ndicho kingetolewa na kutupwa kando. Mama Waceke, usiku sikulala, na asubuhi mama aliporudi kuthibitisha nilifanya kitu ambacho sikujua niko nacho ndani yangu. Nilimwambia, "Mama, hii iko na ufa."

Akauliza wapi, kwa sababu hakuona. Nikamwambia ufa mwingine hauonekani, unasikika, na hiyo ni kweli, sisi mafundi hugonga jiwe kwa kifundo cha kidole, likiwa zima linalia, likiwa na ufa linatoa sauti iliyokufa. Lakini jiwe zima pia hufa sauti ukiligonga pale lilipoegemea ubao. Mimi niligonga hapo kwenye ubao, makusudi. Mama akainamisha kichwa akasikiliza, akaniambia nirudie, nikarudia, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni akasema, "Ni kama sotet. Kwetu ikilia hivyo hatuweki maziwa." Akanieleza jinsi mama yake alivyomfundisha akiwa mdogo kugonga kibuyu cha maziwa na kukisikiliza kabla ya kukitia maziwa, kwamba kibuyu hakiwezi kukudanganya, na akanishukuru kwa kuwa mkweli.

Basi akahamia jiwe la kiwandani, jeupe, bila furaha yoyote. Akaniuliza swali moja tu, kama anaweza kuteremsha sufuria ya maziwa kutoka kwa moto akaiweka hapo moja kwa moja, maana ndivyo amefanya maisha yake yote na hawezi kuanza kujifunza tabia mpya uzeeni. Nilijua jibu. Nikamwambia haina shida, Mama.

Nilidhani nimeokoa jiwe. Kumbe Mustafa alisikia habari za ufa, na hakuja hata kulitazama, kwa sababu huwa anawaambia wateja kwamba mkono wangu, mkono wa Sifuna, ndio cheti chake. Akaniambia tu, "Kama iko na ufa hakuna haja kuikalia. Jumatatu ukate yote, vipande ya dirisha." Kwa hiyo uongo wangu wa kulilinda ndio utalifanya liwe vibao vya madirisha ya watu ambao hata hawatalitazama. Na jiwe jeupe la mama linafungwa wiki hiyo hiyo.

Nimewaza kumwomba Mustafa nilichukue mimi, nilipe pole pole, lakini naishi chumba kimoja mtaa wa Langas, na bamba lenyewe ni refu kuliko chumba. Nikisema ukweli nitapoteza kazi na heshima, na jiwe litatobolewa sinki. Nikinyamaza litakatwakatwa, na mama ataunguza kaunta yake siku ya kwanza. Mimi si mwongo, Mama Waceke, uliza mtu yeyote. Nifanye nini?

Fundi Sifuna, Eldoret


MSHAURI WACEKE ANAJIBU

Sifuna, jina hilo nimekupa mimi, na wengine wote nimewabadilisha majina.

Ulisema nisicheke. Nilicheka pale kwa Faith, nisamehe, lakini kwingine kote sikucheka. Barua yako ilinifikia Jumatano jioni kwa simu, na kwa kawaida mimi hujibu watu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Safari hii nilijiambia kwamba mtu mzima hawezi kupoteza akili kwa sababu ya jiwe la kukatia vitunguu, na kama ameipoteza, basi nikaone. Alhamisi nilivaa viatu vya matope nikaja yadini kwenu.

Nilipita mbele ya bamba lako mara mbili bila kulijua. Lilikuwa kavu, limejaa vumbi, halina tofauti na majirani zake. Nikaomba maji. Wewe ndiye uliyeniletea, ndani ya kopo la rangi, na hukunijua kwa sababu ile picha yangu ya gazetini ni ya nilipokuwa na kiuno. Hukunipa kopo. Ulimwaga mwenyewe, kutoka juu, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto.

Nitasema ukweli mbele ya wasomaji wangu wote. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya kukukaripia nimeyapanga vizuri, na yote yalinipotea. Maneno ndiyo kazi yangu, ndiyo yaliyosomesha watoto wangu, na pale nikawa nasogea tu hatua moja kulia, moja kushoto, nikitazama. Zile chembe nyekundu zilikuwa zinawaka na kuzima nilipopumua. Nilimwona Mungu mkubwa kuliko nilivyokuwa nikimwona, na nikajiona mdogo, na kwa mara ya kwanza udogo huo haukuniumiza. Nilitafuta mahali pa kukaa nikakosa, nikashikilia gari la mteja mwingine. Kwa hiyo sitakuambia unaota. Unachokiona kipo.

Kisha nikakuuliza kama limeuzwa.

Unakumbuka ulivyonijibu? "Hapana, Mama. Hii iko na ufa." Na ukaligonga, palepale kwenye ubao, ukaniambia nisikilize. Barua yako ilikuwa kwenye simu yangu, ndani ya mkoba, umbali wa hatua moja kutoka mkononi mwako. Jumatano unaniandikia kwamba wewe si mwongo, niulize mtu yeyote, na Alhamisi unamdanganya yuleyule uliyemwandikia. Uongo wa kwanza ulikushtua, Sifuna. Wa pili ulikutoka kama salamu. Ulipoenda kupokea simu niligonga katikati ya bamba mwenyewe, na lililia, sauti ikaenda mpaka ncha ya pili. Ni zima kabisa.

Sasa nisikilize. Wewe unadhani shida yako ni kuchagua kati ya sinki na madirisha. Shida yako ni kwamba uliona uzuri ukafikiri kwa kuwa umeuona kwanza basi ni wako. Mama Tryphosa naye aliuona. Aliweka mkono wake pale na akaongea, na mpaka leo hujui aliongea na nani, lakini wewe hasa ndiye uliyepaswa kujua, kwa sababu nawe huongea nalo kila asubuhi saa moja na nusu. Mlikuwa watu wawili katika kaunti nzima ya Uasin Gishu mliosimama mbele ya kitu hicho mkakiona, na mmoja akamfukuza mwenzake.

Na namna ulivyomfukuza ndiyo iliyoniuma zaidi. Ungemwambia limeuzwa, ungekuwa mwongo wa kawaida, na wako wengi. Wewe ulichukua kitu alichofundishwa na mama yake, kugonga na kusikiliza, ukakitumia kumfungia mlango, halafu ukapokea shukrani zake. Mama huyo anatengeneza maziwa kwa masikio hayo. Mrudishie masikio yake.

Kuhusu mawe yenyewe, wasomaji wengine wanaojenga wasije wakaniandikia barua za hasira. Jikoni kwangu mimi kuna jiwe la kiwandani, jeupe, na silijutii, kwa sababu napika kidogo na kumwaga sana, na fundi aliyeniuzia aliniambia wazi kwamba nikiweka sufuria ya moto bila kibao nitalia. Niliambiwa, nikachagua. Mama Tryphosa aliuliza swali moja tu, lile lililokuwa na maana kwake, na ukamjibu vibaya ukijua. Siku ya kwanza atateremsha maziwa, watoto waliomjengea nyumba wakiwa wamesimama hapo wakimtazama kwa furaha, na atakapoinua sufuria ataona duara la kahawia. Hatakufikiria wewe. Atadhani ni yeye ameharibu zawadi ya watoto wake. Hicho ndicho unachopanga kumfungia wiki ijayo kwa gundi na silikoni.

Unaogopa kulikata, hilo nakuelewa. Lakini fikiria kidogo. Ule mkanda mweupe ulikuwa ndani ya mlima, na ungekuwa huko mpaka kesho, kama mtu mmoja ambaye hatumjui hangeweka msumeno na kupasua. Yeye alikata ndipo wewe ukaona. Uliuliza ulipambwa kwa ajili ya nani, na mimi sijui, ila nina hakika haukupambwa uegemee ubao kwenye vumbi ukimngoja Sifuna amalize kuutazama. Na lile tundu la sinki unalolililia, je, ulimuuliza mama kama sinki linaweza kusogea? Nyumba ni mpya. Mabomba huhamishwa. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali ulipomuuliza, sijapaona. Ulikimbilia uongo kabla ya kujaribu swali.

Leo ni Jumamosi na yadi inafunguliwa saa mbili. Mustafa husoma gazeti hili akinywa chai, nililiona juu ya meza yake, na majina nimebadilisha lakini jiwe sikuweza kulibadilisha. Basi mtangulie. Usianze na habari za kijani na nyekundu na jua la asubuhi. Anza na neno "nilidanganya", kisha uende naye mpaka kwenye bamba, uligonge mbele yake kwenye ubao, halafu katikati, anyamaze asikie mwenyewe. Mtu aliyeufanya mkono wako kuwa cheti chake anastahili kuonyeshwa kwa mkono huohuo. Anaweza kukufuta kazi. Akifanya hivyo usibishane, ana haki, na bado umwombe ruhusa ya kwenda Ziwa.

Ziwa uende kwa miguu yako, usipige simu. Mwambie mama uongo wako wa mara zote mbili, ule wa ufa na ule wa moto, na usiseme ulifanya kwa mapenzi mpaka akuulize kwa nini. Akiwa tayari, arudi yadini, bamba liwekwe wima mbali na ubao, na agonge yeye. Usimshikie mkono. Kisha achague upya. Akibaki na jeupe kwa sababu sasa lile la kijani linamkumbusha wewe, utanyamaza na utamkatia jeupe kwa uangalifu uleule, na utampelekea na vibao vya sufuria. Na ulikate kwa maji, na pua umefunga kinga inayofaa, maana vumbi la mawe haya, la kiwandani hasa, linamaliza mapafu, na Faith ana mashaka ya kutosha bila kuwa mjane.

Akichagua la kijani, ulikate wewe, kama Mustafa atakubali. Si kama adhabu. Ni kwamba hakuna fundi mwingine mjini atakayeogopa vya kutosha. Pima mara tatu. Mwonyeshe sinki linaangukia wapi na umwache aseme yeye, na akisema hapohapo, weka msumeno hapohapo. Kile kipande cha katikati ni chake pia, usikifiche. Mfundishe kulipaka dawa ya kulikinga na mafuta, mara moja kwa mwaka.

Siku ya kulifunga, mama asipokukaribisha chai, ni haki yake, kusanya vifaa vyako uende nyumbani. Akikukaribisha, usinywe umesimama mlangoni ukilitazama jiwe kwa mbali. Ingia ndani, kunywa chai yote, na kikombe chako ukiweke juu yake.